Mwisho Alioufundisha Baba

Nyeri,
9 Februari 2025

Dada Tabby,

Huku sote wazima, ukiondoa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Wangui anakusalimu na kukushukuru kwa soksi. Ni nene hivi kwamba viatu vimekataa kuzipokea, kwa hiyo anazivaa jikoni na hakuna mtu anayeruhusiwa kumkanyaga. Baba yuko vizuri. Leo ulimsikia kwenye simu akikuambia ameacha kupanda ngazi kupogoa miparachichi. Ngazi ilikuwa imeegemea ukuta nyuma yake, na majani yalikuwa bado kwenye kofia.

Hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia. Simu ya Jumapili ni ya Baba. Lazima iwe kwenye spika, lazima nami nitoke mjini niende Chaka kuketi hapo kando yake, na wewe huko Sheffield unalijua hilo, ndiyo maana tangu Mama atutoke tumekuwa watu wa kuzungumzia dawa na hali ya hewa. WhatsApp nayo ni ya picha za watoto. Mimi nina jambo refu kidogo. Na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza kimenisumbua mwaka wa nne sasa, acha tupumzishane.

Kila mara unaniuliza shahada ya uzamifu inaendeleaje, nami nakujibu "pole pole". Ni kweli. Kwenye semina mimi ndiye mzee wa kundi. Wawili kati ya wenzangu niliwafundisha kidato cha pili. Mmoja, kijana nadhifu anayeitwa Ben, niliwahi kumwandikia kwenye ripoti kwamba fasihi ya Kiingereza haimfai. Juzi alinisahihisha kuhusu nadharia mbele ya watu, kwa heshima kubwa, akiniita "sir".

Mada yangu unaijua nusu nusu. Nauliza watu wa huku kwetu, waliomaliza kidato cha nne miaka hiyo, wanakumbuka nini kuhusu riwaya za Kiingereza walizosomea mtihani. Kichwa chenyewe kina mistari mitatu, sitakutesa nacho. Nimezunguka na kinasa sauti Nyeri nzima nikiuliza: setibuku yako ilikuwa gani, na iliishaje? Tabby, watu hawakumbuki kitu. Wanakumbuka nani aliiba kitabu cha nani. Wanakumbuka kiboko. Hadi nilipofika kwa waliosoma shule aliyofundisha Baba, wale waliomaliza 1990, darasa lako.

Hao wanakumbuka. Ile riwaya ya msichana aliyegombana na baba yake akaondoka nyumbani, wanaisimulia kama jambo lililotokea kwa jirani. Wambugu, yule aliyekuwa akiinama kuingia bwenini, sasa anauza vifaa vya ujenzi Kutus. Alinisimulia mwisho wake huku mteja akisubiri misumari. Msichana anarudi mvua ikinyesha. Baba yake anatoka hadi langoni na taa. Hamuulizi alikuwa wapi. Anamwambia, "Ingia, uji umeiva," anampa uji kwenye kibuyu, na muda wote anapokunywa baba anamshikia taa.

Wote wanasema hivyo hivyo, wa Nyeri mjini, wa Karatina, wa Kutus. Kilichonisumbua ni kibuyu. Katika Uingereza ya riwaya hizo nani alikuwa na kibuyu? Nikakitafuta kitabu nikakisoma chote. Hakuna taa. Hakuna uji. Msichana anarudi, anakuta nyumba imeuzwa na baba hayupo, anasimama kidogo, anaendelea na njia. Basi, kitabu kimekwisha.

Wewe ni miongoni mwa wachache wa darasa lile ambao sijawahoji, na uliketi dawati la mbele kabisa. Mlisoma kitabu gani nyinyi? Nijibu ukipata nafasi. Usimwambie Baba, bado sijajua nimwambie nini.

Ndugu yako mwanafunzi,
Mutahi


Sheffield,
2 Machi 2025

Mutahi ndugu yangu,

Barua yako niliipata siku ile ile, ni mimi nilichelewa. Kazini tumepungukiwa na watu na nimefanya zamu za wenzangu. Kuna bibi mpya katika makao yetu ya wazee, ananiita Margaret. Nimekubali kuwa Margaret, inaokoa muda. Mwanangu Munene, wajina wa Baba, amepata kazi ya kudumu, anasema Desemba atakuja kumsalimu guka yake. Tutaona. Msalimie Wangui, mwambie anunue viatu vikubwa.

Mwondolee Baba hiyo ngazi. Ifungie stoo na ufunguo uondoke nao. Dawa ya presha ni asubuhi, si "nikikumbuka". Na ukae karibu umwone akimeza.

Nimefurahi kwamba utafiti unasonga. Lakini mimi usinihesabu. Ni miaka mingi na mimi si mtu wa kukumbuka hadithi. Huyo msichana wa kinu simkumbuki kabisa. Walimu wa siku zile walifanya walivyoweza kwa vitabu walivyopewa. Baba amestaafu, usimpelekee mambo ya shule.

Goti lako halitabiri mvua. Ni uzito.

Dada yako,
Tabby


Nyeri,
19 Aprili 2025

Dada Tabby,

Kesho ni Pasaka. Wangui ameshinda akikanda unga wa chapati nami nimeshinda nikimpisha. Ngazi nimeifungia kama ulivyoagiza. Baba sasa anapanda juu ya meza. Nikimwuliza anasema daktari alitaja ngazi tu.

Najua ulisema nisikuhesabu. Sikuhesabu, nakusimulia tu.

Wambugu alinipigia simu baada ya mahojiano. "Mwalimu, rudi Kutus, kuna kitu nilisahau. Ile kitabu haikuwa na mwisho."

"Ati nini?"

"Haikuwa. Zilikuja na lori, zikanyeshewa, kurasa za nyuma zikashikana kama ugali. Zote. Mwalimu Munene akasema tusijali, ameandika barua zingine ziletwe, lakini hizo zikichelewa yeye atatupea mwisho kwa mdomo. Akatupea. Darasa ikalia. Hata mimi nililia, na niko na urefu huu."

Kwa hiyo kibuyu ni cha Baba yetu. Taa ni yake. Uji ni wake. Alisimama mbele ya darasa akamalizia Mwingereza kitabu chake, na kitabu hicho ndicho watu wamebeba vichwani hadi leo.

Nikaenda Nanyuki kumtafuta Gure. Unamkumbuka Gure, mwana wa yule mzee wa ng'ombe, aliyekuwa akicheka kabla ya kumaliza mzaha wake? Sasa soko la mifugo bila yeye halifunguki. Nilimkuta na binti yake Rowda, ambaye ndiye anayepiga hesabu za mbuzi. Nikauliza swali langu. Gure akaweka fimbo chini. Akasema miaka sita iliyopita huyu Rowda aligombana naye juu ya mchumba, akaenda Nairobi, miaka miwili hakuna hata salamu.

"Nilikuwa nimeapa siku akirudi nitamfukuza. Watu walisikia nikiapa. Kisha jioni moja nasikia gari, natoka na tochi, ni yeye. Mwalimu, mdomo wangu ukasema maneno ya kile kitabu. Nikamwambia, ingia, chai iko tayari. Sikumuuliza kitu. Mpaka leo sijamuuliza."

"Aabo husimulia hii kila Idd," Rowda akasema juu ya baba yake bila kuinua macho kwenye hesabu. "Na kila mwaka tochi inakuwa kubwa."

Ikabidi nimwambie Gure kwamba kitabu hakiishi hivyo. Alifikiri sana. "Sasa maneno yalikuwa ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Basi baba yako ni mtunzi," akasema, akaokota fimbo.

Msimamizi wangu, Profesa Waithira, hupenda kazi yangu jinsi mtu anavyopenda mvua ya baridi ya Julai. Nilipoyaandika mahojiano haya sura nzima nikamtumia, alinipigia simu Jumamosi, jambo ambalo hajawahi. Akasema hiyo ndiyo tasnifu, zile sura nyingine ni barabara tu ya kuifikia. Bila hiyo, akasema, niko na kazi ambayo watahini wataisoma wakipiga miayo.

Shida ni hii. Kamati ya maadili inasema mtu aliye hai akitajwa hivyo lazima aridhie kwa sahihi. Kumficha jina hakusaidii, ukitaja tu tarafa yetu, ukasema "mwalimu mmoja wa Kieni", Nyeri nzima itajua. Mwezi wa tisa lazima niwasilishe. Kwa hiyo mtu amwendee Mwalimu Munene, mwenye miaka themanini na mitatu, amwambie: tumegundua ulifundisha mwisho wa uongo, tia sahihi hapa.

Mimi siwezi. Nimejaribu. Nilikuwa nimefikiri hivi: wewe ni Wamucii, jina la mama yake, na tangu uzaliwe anakuita Maitu, mama. Mimi ni Mutahi, jina la baba yake, nami ananiita Baba. Kwa desturi yetu sisi ndio wazazi wake. Je, tukitia sahihi kwa niaba ya mtoto wetu, kamati itakataa?

Nimecheka peke yangu hapa. Lakini Baba anakusikiliza wewe kuliko mimi. Ungemwuliza wewe.

Mutahi


Nyeri,
8 Juni 2025

Dada Tabby,

Salamu kwa Munene. Huku hatujambo.

Wiki saba. Jumapili zote umepiga, umeuliza dawa, umeuliza meza, umekata. Nimekujua miaka hamsini. Ukiwa huna la kusema huwa unasema mengi.

Na jambo moja nililiruka mwezi wa tatu kwa sababu ya upole wangu, au uzito wangu wa kichwa. Katika barua yangu ya kwanza sikutaja kinu. Sikusema baba wa yule msichana alikuwa msaga nafaka. Wewe ulikitaja, kwenye sentensi ile ile ya kusema humkumbuki kabisa.

Leo nilikuwa nimwambie Baba. Nilivuta pumzi, nikafungua mdomo, nikamwuliza bei ya maparachichi. Alinijibu kwa kirefu.

Niambie tu.

Mutahi


Sheffield,
15 Juni 2025

Mutahi,

Leo huku ni sikukuu ya kina baba. Wazee wetu wa hapa wamepata kadi, waliopata. Yule bibi aliniomba nimwandikie baba yake, nikaandika. Niko nyumbani sasa, nimevua viatu, na nitaandika mara moja bila kusoma tena.

Mwaka 2004, mwaka wa pili nikiwa hapa, mvua ilinikuta kituo cha basi nikaingia duka la vitu kuukuu. Rafu ya vitabu ilikuwa mlangoni. Kilikuwa pale, chenye jalada tofauti. Nilikifungua mwisho kwa sababu wewe unajua nilivyoupenda ule mwisho, hapana, hujui, ulikuwa kidato cha pili. Nilitaka kusoma tu ule mstari wa uji. Nikausoma ukurasa wa mwisho. Nikarudi nyuma nikausoma mara nyingine. Mama wa duka aliniuliza kama ningependa kiti. Nikakirudisha kwenye rafu nikaenda zamu.

Swali la mtihani lilikuwa: jadili mwandishi anavyoimaliza riwaya hii, na kama mwisho huo unamtendea haki msichana. Nilifurahi nilipoliona. Niliandika kurasa mpaka nikaomba karatasi nyingine. Nilieleza taa. Nilieleza kwa nini baba hakuuliza. Kibuyu nilikipa aya yake. Nilimaliza kabla ya wote nikaketi nikiwaangalia wenzangu kwa huruma.

Nilipata C ya Kiingereza. Kuingia chuo kusomea sheria kulitaka zaidi, hilo unalijua. Darasa zima lilipata hivyo, na wengine chini ya hapo, na Baba akahamishwa shule mwaka uliofuata. Lakini hao wengine hawakukaa naye mezani. Aliishika ile karatasi ya matokeo, akaniambia, "Hukusoma, Wamucii." Si kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema kuna mawingu.

Nami nikaamini. Nilienda chuo cha uuguzi nikiamini sikusoma. Nilijitafuta katika mwaka ule, ni lini nilikuwa sisomi? Mpaka siku ile dukani.

Sikumwambia. Ningemwambia nini, kwenye spika?

Sasa wewe unaniletea Gure na tochi yake. Nimefurahi kwa ajili ya Rowda, nasema kweli. Lakini sitaki kuwa kwenye sura hiyo, wala upande wa tochi, wala upande mwingine. Sitaki maprofesa wanihurumie kwa tanbihi. Na sitaki uende umwulize Baba, kwa sababu ukimwuliza atanitafuta, na sijui nitasema nini.

Iondoe, Mutahi. Una sura nyingine.

Tabby


Nyeri,
6 Julai 2025

Dada,

Nimeiondoa.

Nilimwambia Profesa Waithira kwamba ni jambo la nyumbani. Akasema, "Mwalimu, utapita. Kwa shida, lakini utapita. Itakuwa chai ya rangi." Nikamwambia nimelelewa kwa chai ya rangi. Hakucheka, na kusema kweli hata mimi sikucheka. Usiku ule Wangui aliniuliza mbona nimekaa na kompyuta ambayo haijawashwa.

Lakini si kitu. Yaliyobaki yatatosha kunipa kofia, na mbele ya kioo kofia zote ni sawa.

Nilisoma barua yako mara mbili. Nilikuwa mle nyumbani siku ile ya matokeo. Nilikuwa nakula. Nilisikia "hukusoma" nami nikaamini, kwa sababu Baba alikuwa amesema. Kidato cha nne chote nilisoma kwa kukuogopa wewe, nisije nikawa kama wewe. Nilitaka ulijue hilo hata kama halisaidii.

Baba hajambo. Meza nayo nimeifungia.

Mutahi


Nyeri,
24 Agosti 2025

Dada Tabby,

Salamu zote, nitazitoa siku nyingine. Kuna jambo limetokea na si mimi niliyelitenda, ingawa ukifuatilia ni mimi.

Gure alikuwa na mzigo wa mbuzi wa kupeleka Karatina. Akapita Chaka. Akaona si adabu kupita bila kumwona mwalimu wake, sasa akijua ni mtunzi. Akaingia na maziwa ya ngamia na sauti yake ile, akamwambia Baba mbele ya mfanyakazi wa jirani na mbwa: "Mwalimu, Mutahi amegundua. Kile kitabu kinaisha vibaya. Wewe ndiwe ulikitengeneza."

Gure ananiambia Baba alimshukuru kwa maziwa.

Niliitwa. Nilimkuta nje kwenye kiti. Natafsiri kutoka Kikuyu, lakini maneno ni yake.

"Baba," akaniita, "Gure anasema umeandika kunihusu."

"Niliandika. Nimeiondoa."

"Sikuuliza iko wapi. Ilete."

Nikampelekea. Alikaa nayo wiki mbili na nusu. Ilirudi imejaa wino mwekundu. Tabby, mimi ni mwalimu wa Kiingereza kwa miaka ishirini na sita, Baba amenisahihisha koma hadi kwenye bibliografia. Pembeni mahali pamoja ameandika: *unarembesha*. Mahali pengine, penye Gure: *hapa ni sawa*.

Kisha akasema sura ina kosa. "Umewahoji waliopenda mwisho. Waliofanya mtihani wako wapi?"

"Ni watu wale wale, Baba."

"Ndiyo. Na hujawauliza walipata nini."

Yeye akaendelea, akiangalia miparachichi, si mimi. Alisema vitabu vingine havikuja. Lakini mwezi wa saba mwaka ule alienda mjini kwenye mkutano wa walimu, mwalimu wa shule nyingine akamwazima nakala nzima. Aliisoma kwenye benchi akisubiri gari. Kwa hiyo alijua, miezi mitatu kabla ya mtihani. Angeweza kuwaambia.

"Mbona hukuwaambia?"

"Niliusoma wa Mwingereza," akasema. "Wangu ulikuwa mzuri zaidi."

Alikuwa hatanii. Akasema darasa lilikuwa limekwisha kuupenda, nyinyi mlikuwa mnaigiza ile taa bwenini, na yeye, mtu wa vumbi la Kieni, alikuwa amekaa chini ya mti na riwaya ya Kizungu akaishinda. Akaona watunga mtihani hawatauliza mwisho. Miaka yote walikuwa wakiuliza wahusika. Jioni ya mtihani alipoliona swali, hakula.

Nikamwuliza la pili. Sikupanga kuuliza, lilitoka. "Na Tabby?"

Akasema, "Matokeo yalipokuja, ilikuwa ama Wamucii hakusoma, ama mimi sikufundisha. Nilikuwa nimeishika karatasi, na yeye amesimama pale. Nikachagua." Kisha: "Alisoma. Alisoma nilichomfundisha, neno kwa neno. Hakuna mtoto wa darasa lile aliyesoma kama yeye. Mimi ndiye niliyefanya mtihani ule, na mimi ndiye niliyeanguka."

Fomu ya ridhaa ilikuwa kwenye mfuko wangu tangu Aprili. Niliitoa. Aliisoma yote, akasahihisha sentensi moja ya chuo kikuu, akanirudishia bila sahihi. Akasema Wamucii kwanza. Ukikataa, hakuna sura, na nisithubutu kukubembeleza. Ukikubali, sura iwe na swali la mtihani na alama zenu, na habari ya benchi pale mjini, yote, bila kurembesha.

Sikubembelezi. Tarehe ya kuwasilisha ni mwisho wa Septemba na ile tasnifu nyingine, ya chai ya rangi, iko tayari, imechapwa.

Jambo moja tu. Ameniomba nimwonyeshe jinsi ya kuzima spika. Jumapili akipiga atakuwa yeye mwenyewe, mimi nitakuwa nje nikihesabu kuku. Kama hutaki, usipokee. Nimemwambia huenda usipokee, akasema anajua.

Mutahi


Sheffield,
14 Septemba 2025

Mutahi ndugu yangu,

Hatujambo. Munene amekata tiketi, tarehe kumi na nane Desemba, kwa hiyo mwambie Wangui kitanda cha nyuma. Nami nimeomba likizo. Bado hawajanijibu.

Fomu yangu nimeitia sahihi, nimeiambatisha. Irudishe ile sura. Tumia majina yetu, langu na la Baba. Niweke kama mhojiwa wa mwisho, na andika C bila kuizungushia maneno. Maswali yako ya mahojiano nimeyajibu kwenye ukurasa wa pili, isipokuwa lile la "ulijisikiaje", ambalo ni swali la mwandishi wa habari, liondoe. Na andika kwamba nimekuwa muuguzi mzuri. Si kwa kunifariji, ni kwa sababu ni kweli, na Baba amesema yaandikwe yote.

Jumapili ya kwanza sikupokea. Niliiangalia simu ikiita mpaka ikaacha. Ya pili pia. Hakutuma ujumbe, hakukutuma wewe. Leo saa ile ile ikaita tena, nikapokea.

Alisema jambo lake mara moja tu, kama alivyokuambia wewe, kwa maneno karibu yale yale. Nadhani alikuwa ameyaandika. Nilimwuliza kama amekula. Akasema amekula. Nikawasikia kuku, na wewe ukijifanya unawahesabu huko nje.

Kisha akaniuliza, "Maitu, ungekuwa wakili wa nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia wa ardhi.

"Wa ardhi, hapa Nyeri? Ungekuwa tajiri. Ungekuwa umenunua Chaka yote pamoja na sisi."

"Ningewaachia shamba."

Akacheka kidogo. Nikamsikia akibadilisha simu kutoka sikio hili hadi lile. Akauliza, "Na kesi hii yangu, ungenitetea?"

"Hapana, Baba," nikamwambia. "Ningekuwa upande wa pili."

Nilifikiri amebonyeza kitu, simu imekatika.

"Ungeshinda," akasema.

Dada yako,
Wamucii